KUKU AKIZUBAA UANI: ATAZAMWE KWANZA, DAWA BAADAYE



Baadhi yenu mtauliza habari ya kuku yaingiaje katika gazeti la wakulima wa karafuu. Jawabu letu ni jepesi. Mkarafuu hauzai kila mwaka kwa kiasi kimoja; mwaka mmoja utazaa hata matawi yainame, na mwaka wa pili utakupa majani. Kuku hana mwaka wa kupumzika. Katika miezi ambayo magunia yamekwisha kupelekwa kituoni na fedha zake zimekwisha kuliwa, yai ndilo linunualo chumvi na sabuni na daftari la mtoto, na mara nyingi fedha hiyo ni ya mama wa nyumba, haimo katika hesabu ya bwana. Tena msimu ukifika wachumaji wataka kitoweo. Twajua vile vile kuwa kuku ni adui wa jamvi, na hapana mwanachama asiyepata kurusha kandambili kwa ajili ya kuku aliyeingia kuparura karafuu zilizoanikwa. Lakini ugomvi huo tuuache kwa leo.

Kilichotufanya tushike kalamu ni swali lililotujia kutoka mbali. Mwezi wa Mei uliopita mwanachama mwenzetu mmoja aliingia ofisini na simu mkononi. Bintiye ameolewa na mtumishi wa uhamiaji, na kazi imempeleka bwana huyo Kasesya, Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa, mpakani kabisa mwa nchi yetu na Zambia. Kwa wasioijua njia: ukitoka Sumbawanga unakwenda Matai, na kutoka Matai unafuata barabara ya mpakani. Ng'ambo ya pili mji mkubwa wa karibu ni Mbala, ulioitwa Abercorn zama za Waingereza. Ni nchi ya juu, uwanda wa Ufipa, na usiku wa mwezi wa Juni na Julai baridi yake haina huruma na mtu aliyelelewa Pemba. Watu wa huko hulima mahindi na maharage na ulezi na alizeti, na kuku wamo kila ua, kama kwetu.

Ujumbe wa binti ulikuwa hivi: "Shikamoo baba. Koo wangu mweusi leo siku ya tatu hali. Amejikunyata, mbawa zimeshuka, na choo chake ni kijani. Mama jirani asema ni mdondo, niwauze wote 17 waliobaki kabla hawajaanguka. Mchuuzi yupo, atapita kesho asubuhi na tenga lake. Niuze au nisiuze?"

Baba mtu alitutazama, nasi tukamtazama. Swali lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Kuku 18 kwa mke wa mtumishi aliye mbali na kwao ni akiba. Bibi huyu aliwaanza kwa mitetea mitatu, akawakuza kwa miaka miwili. Akimwuzia mchuuzi ajuaye kuwa muuzaji ana hofu, atapewa bei ya kutupa. Asipouza, na ikiwa kweli ni mdondo, baada ya juma moja atakuwa anachimba mashimo. Na akiuza nao ni wagonjwa, basi amewauzia watu wengine msiba, maana tenga la mchuuzi haliishii mahali pamoja: leo Kasesya, kesho mnadani, kesho kutwa uani kwa mtu asiyejua lolote, na pengine ng'ambo ya mpaka.

Hivyo ndivyo ugonjwa huo ulivyoitembea dunia. Ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java, na mwaka huo huo katika mji wa Newcastle upon Tyne huko Uingereza, na ndiyo maana kwa Kizungu waitwa kwa jina la mji huo. Sisi twauita mdondo, na wengine kideri. Katika Afrika ya Mashariki uliandikwa mwaka 1935 huko Mombasa. Hatushangai kuwa ulionekana kwanza bandarini. Nasi tulio kisiwani tusijidanganye kuwa bahari ni ukuta. Kuku hupanda chombo kama abiria, na wa kwetu hupelekwa zawadi kutoka shamba hadi mjini akiwa amefungwa miguu, bila ya mtu kumwuliza afya yake.

Tulimpigia simu bwana mifugo, tukamsomea ujumbe, na kwa shauri lake tukampelekea binti jawabu saa ile ile: usiuze kesho, na usimpe dawa yoyote leo. Mtenge, kisha mtazame, halafu utuambie ulichokiona.

Kumtenga ni kumtenga kweli. Watu wengi humhamisha mgonjwa kutoka bandani wakamweka jikoni, na jikoni ndiko kuku wote wapitako kuokota makombo. Awekwe katika tenga au boksi, mahali pakavu, pasipo upepo, penye joto kidogo, hasa katika nchi ya baridi kama Ufipa. Awe na chombo chake cha maji kisichochangiwa. Mwenye kuku awahudumie wazima kwanza na mgonjwa mwisho, kisha anawe mikono kwa sabuni na kusugua kandambili zake, maana nyayo hubeba mengi.

Kabla ya kumshika kuku yako maswali, na maswali hayo yana thamani kuliko chupa ya dawa. Ni kuku mmoja anayeumwa au ni wengi? Yuko aliyekufa katika juma hili au lililopita, kwako au kwa jirani? Ameingia kuku mgeni, wa kununua au wa zawadi? Na huyu mgonjwa, kabla ya kuzubaa, alikuwa akifanya nini?

Binti alijibu kuwa ni mmoja tu. Kuwa hapana aliyekufa kwake wala kwa jirani. Kuwa hapana mgeni aliyeingia tangu Ramadhani. Na kuwa huyu koo alikuwa ameatamia siku ya kumi na nane, katika pembe ya jiko la nje nyuma ya kuni. Hapo pumzi zikaturudi kidogo. Mdondo ukiingia ua usio na chanjo si desturi yake kumkamata mmoja ukawaacha 17 wakiparura siku tatu. Lakini kidogo si yakini, basi tukamwambia amshike.

Na hapa twataka wanachama wafuatane nasi, maana namna ya kumtazama kuku ni moja, Kasesya na Konde.

Mshike jioni akiwa ametulia, mbawa zikiwa zimebanwa, kichwa kikutazame. Anza na undu, yaani ule wekundu wa kichwani. Kwa koo anayetaga huwa mwekundu na umejaa. Ukiwa mweupe kama nyama iliyochemshwa, damu imepungua, na lazima utafute nani anayeinywa. Ukiwa na rangi ya zambarau, pumzi au moyo una taabu. Ukiwa na vigaga vyeusi kama sugu, hiyo ni ndui. Kisha tazama macho: yana povu, yamevimba, yametoka machozi? Nusa pua. Fungua mdomo utazame ulimi na koo, kama kuna utando wa njano. Sikiliza pumzi kwa kumweka karibu na sikio.

Teremka hadi gole, mfuko ule wa chakula ulio kifuani. Jioni huwa limejaa, na alfajiri kabla hajala huwa tupu. Likiwa alfajiri gumu kama jiwe, amekwama. Likiwa linabonyea kama puto la maji na mdomo unanuka, limechacha. Papasa kifua: mfupa wa katikati ukiwa mkali kama wembe, ugonjwa si wa jana, amekuwa akikonda siku nyingi na wewe huoni kwa sababu ya manyoya. Hili ni jambo kubwa, maana kuku huficha maradhi yake hata mwisho. Siku anayozubaa mbele ya watu ndiyo siku alipochoka kuficha.

Joto la mwili lisikutishe. Watu humshika kuku wakasema ana homa. Kuku mzima joto lake ni nyuzi 41 hivi. Mwanadamu mwenye joto hilo huwa anaweweseka. Kila kuku mikononi mwako utamwona wa moto.

Choo nacho chataka kujulikana. Choo cha kuku mzima ni cha kahawia au kijivu, kina kofia nyeupe juu. Mara kadhaa kwa siku hutoa kingine cha kahawia kilaini, kinachonata na kunuka sana. Hicho nacho ni cha afya. Koo aliyeatamia hujizuia, akishuka mara moja kwa siku hutoa donge kubwa la kunuka ambalo limewatia watu wengi hofu ya bure. Na rangi ya kijani, ambayo ndiyo iliyomtisha jirani wa Kasesya, ni kweli huonekana katika mdondo, lakini huonekana pia kwa kuku yeyote asiyekula, maana tumbo tupu hutoa nyongo. Ishara moja haihukumu.

Mwisho funua manyoya chini ya mbawa na kuzunguka njia ya yai, upulize, utazame ngozi.

Binti alipopuliza aliona vidoa vyeusi vinakimbia. Undu ulikuwa mweupe, na kifua kimekonda. Tukamwambia arudi usiku na tochi ya simu kwenye kiota nyuma ya kuni, achukue kitambaa cheupe akipitishe katika nyufa za ukuta na kuni zilizo karibu. Kitambaa kilirudi na michirizi myekundu. Ilikuwa damu ya koo wake, imo matumboni mwa utitiri.

Utitiri wa namna hii mchana hujificha katika nyufa, na usiku hutoka kumnyonya kuku alipo. Kuku wanaolala juu ya mti huweza kuwapungia; koo aliyeatamia hatoki, kwa mapenzi ya mayai yake, na hunywewa siku baada ya siku hata damu ikamwisha. Wako wanaokufa juu ya mayai, na mwenyewe akadhani ni nyoka au ni jicho la hasidi.

Dawa yake ilikuwa kazi zaidi kuliko dawa. Majani ya kiota yalichomwa moto. Kuni zilitolewa zote nje zikaanikwa juani, na nyufa zikamwagiwa maji yanayochemka. Kuku alipakwa unga wa kuua wadudu ulionunuliwa katika duka la dawa za mifugo, kwa kipimo alichosema mwuzaji na kuandikwa katika pakiti, chini ya mbawa na kuzunguka mkia, macho na pua vikilindwa. Na baada ya siku 7 kazi hiyo ikarudiwa, kwa kuwa mayai ya utitiri hayafi mara ya kwanza. Wenziwe 17 nao walipakwa. Shimo dogo la majivu na mchanga mkavu likawekwa uani waoge wenyewe. Mgonjwa alipewa pumba ya mahindi iliyolowekwa na dagaa wa Ziwa Tanganyika waliopondwa, kidogo kidogo mara nyingi, na mchicha. Tulimkataza binti kumnywesha maji kwa kumfungua mdomo na kumimina, maana njia ya pumzi ya kuku iko nyuma tu ya ulimi, na wengi wamezamishwa kwa huruma. Ncha ya mdomo ichovywe katika maji, anywe mwenyewe.

Mayai 11 yalikwisha poa, yakatupwa. Koo alitoka tengani siku ya tisa, na baada ya mwezi alisikika akitetea. Mchuuzi siku ile alipita, akaambiwa hapana kitu, akaenda zake.

MDONDO WENYEWE

Ingekuwa mdondo habari ingekuwa nyingine, na ni wajibu wetu kuueleza waziwazi. Huingia kwa ghafula. Pengine ishara ya kwanza ni maiti mbili asubuhi bandani. Walio hai huzubaa kwa pamoja, manyoya yamesimama, huvuta pumzi kwa taabu, shingo imenyooshwa na mdomo wazi, huhara kijani, na waishio siku chache zaidi hupinda shingo, kichwa kikageuka nyuma au kikaingia chini ya kifua, wakazunguka mahali pamoja au miguu na mbawa zikapooza. Tangu kuambukizwa hadi kuugua mara nyingi ni siku tano au sita, ingawa huweza kuwa mbili au kumi na tano. Katika ua usiochanjwa wanaweza kufa tisa katika kila kumi, hata wote. Mara nyingi huja miezi ya kiangazi, na bata wa jirani huweza kuwa nao bila ya kuonyesha lolote.

Hauna dawa. Tunarudia, kwa sababu fedha nyingi za wanachama zimepotea hapa: hauna dawa. Huletwa na virusi, na vidonge vya antibiotiki ambavyo watu huponda katika maji haviui virusi. Shubiri na pilipili walizotumia wazee wetu hatuzidharau, lakini haziwezi kufanya kazi ya chanjo. Ua ukiingiwa, linalobaki ni kuzuia usitoke: mgonjwa asiuzwe, asipelekwe zawadi, mzima wa jirani asiingie, bwana mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo, na maiti wazikwe shimo refu ambalo mbwa hafukui, au wachomwe. Kuwatupa pwani au kichakani ni kuwagawia kunguru. Mwanadamu naye huweza kupata jicho jekundu la siku chache kwa kushika kuku wagonjwa kisha akajipangusa uso.

Liko jambo la kisu. Kwetu, kuku akionekana anakata roho, mtoto hutumwa mbio kuleta kisu, awahiwe asije kuwa kibudu. Twaelewa, mali ya mtu yauma, na kibudu hakiliwi. Masuala ya halali na haramu wanayo masheikh, wala hatuyaingilii. Twasema tu upande wa ugonjwa: akichinjwa mgonjwa wa mdondo uani, damu na manyoya na utumbo vikamwagwa jalalani, kuku wote wa mtaa wamealikwa. Na kumwuzia mtu kuku unayejua ana aibu bila ya kumwambia, hilo hata mtoto wa chuo aliyefika kitabu cha biashara analijua hukumu yake.

Maradhi mengine tutayapitia kwa haraka. Ndui ya kuku huonekana kwa vigaga usoni na penye ngozi tupu; mbu huieneza, na huchukua majuma matatu au manne. Osha macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo yasizibe, mpe chakula laini, wengi hupona. Ikiingia kooni ni hatari zaidi. Nayo ina chanjo yake. Mafua makali ya kuku huvimbisha uso na kutoa kamasi yenye uvundo, nayo hupenda baridi na msongamano. Huletwa na bakteria, na hapo dawa ya bwana mifugo husaidia, ila aliyepona huweza kubaki akiubeba. Kuhara damu ni maradhi ya vifaranga, hasa wa majuma matatu hadi sita, wanaolala penye unyevu; wamejikusanya, choo kina damu. Dawa iitwayo Amprolium hutiwa katika maji yao, lakini sakafu isipokaushwa dawa ni kazi bure. Homa ya matumbo hufifisha undu na kuharisha njano ya kijani, wakafa mmoja mmoja kwa siku nyingi. Koo aliyepona homa hiyo mayai yake yasiatamiwe, maana huzaa vifaranga wenye ugonjwa.

Yai lililokwama si maradhi ya kuambukiza, nalo huwasumbua mitetea wanaoanza kutaga. Kuku husimama wima kama bata, akijikamua, mkia ukipandashuka. Mkalishe katika beseni ya maji ya uvuguvugu robo saa, paka mafuta ya kula penye njia, muweke gizani pa joto. Usilivunje yai ndani. Likikataa siku nzima, huyu kisu chaweza kumfaa.

Juu ya dawa twasema neno moja. Iko tabia ya kununua pakiti moja ya antibiotiki na kuwapa kuku wote kwa kila ugonjwa, kijiko cha kukisia. Mwenye utitiri hakupona kwayo, mwenye mdondo hakupona kwayo, na yule ambaye ingemfaa alipata kidogo kuliko kipimo, ukafundishwa ugonjwa kuizoea dawa. Tena mayai ya siku hizo yakauzwa dukani. Pakiti huandikwa siku ngapi nyama na mayai yasiliwe. Zisomwe, na asiyeona vizuri asomewe na mjukuu.

CHANJO ILIYOTENGENEZWA KWA WATU WASIO NA FRIJI

Turudi Kasesya. Tulipomaliza habari ya utitiri tulimwuliza binti kama kuku wake wamechanjwa mdondo. Hawakuwa wamechanjwa, na mtaa mzima ulikuwa hivyo. Sababu aliyopewa na majirani ni ile ile tunayoisikia hapa: chanjo yataka barafu, na barafu haifiki.

Sababu hiyo ilikuwa kweli zamani. Chanjo za kale huharibika upesi zikipata joto, na chupa huja na kuku elfu moja ndani yake, vitu vya mwenye mabanda makubwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, pamoja na wenzake, walitafuta virusi vya mdondo visivyodhuru na vyenye kustahimili joto, wakapata mbegu iitwayo I-2. Mbegu hiyo haikuuzwa. Hutolewa bure kwa maabara za nchi kama zetu zijitengenezee zenyewe. Watafiti wa Tanzania waliijaribu kwa kuku wa kisasa na wa kienyeji wakaandika matokeo yake mwaka 2000, na kati ya mwaka 2002 na 2005 kulikuwa na kazi ya pamoja ya Tanzania, Malawi na Msumbiji ya kuifikisha vijijini. Ilianza kutengenezwa katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, ambako hadi Ufipa ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara.

Si kwamba haitaki baridi kabisa. Dukani hukaa frijini. Lakini ikitoka hustahimili siku nyingi kuliko nyingine, ikifungwa katika kitambaa kibichi na kuwekwa mbali na jua. Hutiwa jichoni tone moja, jicho moja latosha, na kipimo ni kimoja kwa jogoo na kwa kifaranga wa jana. Hupewa wazima tu. Kinga hutaka kama siku 7 hadi 14 kusimama, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Chupa ikifunguliwa haina siku nyingi, hivyo maneno ya kibandiko chake yafuatwe.

Mwezi wa Juni binti na mama jirani, yule yule wa shauri la kuuza, walihesabu kuku wa nyumba sita, wakachanga, na chupa ikaletwa kutoka Sumbawanga kwa basi, imevingirishwa kitambaa kibichi ndani ya mkoba wa abiria. Walichanja alfajiri kabla kuku hawajatolewa. Mama jirani ndiye aliyeshika, na binti ndiye aliyetia tone.

Mwezi wa Agosti mdondo ulifika kweli. Nyumba za upande wa pili wa barabara, ambazo hazikuchanga, zilizika kuku kwa siku kumi. Katika zile nyumba sita wakubwa walisimama wote. Lakini koo mwingine wa binti alikuwa ameangua vifaranga tisa mwezi wa Julai, baada ya chanjo kupita, na katika hao walikufa watano. Aliwapigia hesabu ya miezi minne pamoja na mama zao, na kifaranga aliyezaliwa jana hakuwapo siku ya tone. Bwana mifugo asema penye uangushaji mwingi ni bora vifaranga wapya watafutiwe chanjo yao kila mwezi au miwili, wasingoje zamu ya wakubwa.

Na hapa ndipo habari hii inapotuhusu sisi. Mwanachama mwenye kuku kumi hawezi kununua chupa ya mamia peke yake, na akinunua atamwaga iliyobaki. Basi kamati imekubali kuwa kuku wachanjwe kwa matawi, kama tunavyokopeshana majamvi. Kila tawi lichague watu wawili wasioogopa kushika kuku, bwana mifugo awaonyeshe kazi, na chupa inunuliwe kwa michango. Siku iwe kabla ya msimu kushika, maana wachumaji wakishaingia mashambani hapana mtu atakayekumbuka kuku.

Anayetaka kuingia alete ofisini idadi ya kuku wake kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Bata nao waandikwe. Vifaranga wahesabiwe mbali, na mwenye koo aliyeatamia aseme siku anayotazamia kuangua.